Somo Alilolishika Wifi

Kaka yangu uliye mahabusu,

Mama hajambo, goti limepoa. Darasa la kompyuta nimelipiga deki, na jino la wifi nimeliokota chini ya meza.

Unauliza picha za majeraha ya mgongoni mwa mkeo zimefikaje polisi wakati ulisimama ukaona zikifutwa. Uliingia kwa teke, ukamkaba mkeo shingo mbele ya wanafunzi wenzake darasani kwangu. "Futa huo mgongo wako, la sivyo nakuua!" Akafuta. Ukamvunja jino hata hivyo, ukaondoka unacheka.

Ungekaa darasani ungejua. Nawafundisha kazi moja kwa njia mbili. Ukiandika amri ya kufuta kwenye skrini nyeusi, faili limekwenda, halirudi. Ukilifuta kwa kipanya kwenye dirisha la mafaili, linaingia tu kwenye pipa la kompyuta, unalitoa ukitaka. Skrini nyeusi ilikuwa wazi mbele yake. Umemkaba, macho yamemtoka pima, na mkono wake ukaenda kwenye kipanya.

Nyumba ulimojificha niliwaonyesha polisi mimi. Najua utasema damu nzito kuliko maji. Hata hii niliyoisugua kwenye kibodi haikuwa maji.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.