Pazia la Damu ya Mzee

4 Februari 1986

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Natumai u mzima, unakula, na huko kazini hawakuonei. Huku mimi sijambo, ila huyu mwenzangu ndiye sijui nimwandike vipi: leo anaomba uji, kesho hataki hata kuuona.

Tangu atoke hospitali amehamia sebuleni, anasema kule chumbani anajiona kama kitu kilichowekwa stoo. Kidonda cha tumbo kimetulia, lakini daktari ameagiza asiondoke kitandani mpaka atakapoambiwa. Damu uliyompa Oktoba ndiyo anayoringia mpaka leo. Kila mgeni akiingia anaambiwa, "Mimi sasa ni kijana, nina damu ya mwanangu." Na mimi nimekaa pale pale kama mwizi, kwa sababu yangu waliipima wakaikataa, ikaonekana kundi hilo humu ndani mnalo ninyi wawili tu.

Sasa shida yetu ni dirisha. Lile kubwa la sebuleni linatazama magharibi, na ikifika saa tisa jua linampiga usoni hadi litue. Nimetundika shuka, nikaongeza shuka la pili, bado anakunja uso kama mtu anayekula limau. Wewe ni fundi mapazia, unawashonea wenye hoteli, na kwenu dirisha limevaa shuka. Kweli mganga hajigangi.

Nilitaka nikuagize pazia na nimalize, lakini tumegombana juu ya rangi. Mimi nataka samawati, inatuliza macho. Baba yako hataki kusikia. Unamjua: miaka thelathini ya ufundi rangi, mtaa mzima kaupaka yeye, sasa hata kikombe cha dawa anakitolea hukumu. Anasema samawati juu ya ukuta wa manjano ni duka la peremende. Anataka damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva sana. Nikamwambia, damu yako mwenyewe imetuhangaisha miezi mitatu, leo nikutundikie nyingine dirishani? Jina lenyewe linanitia baridi. Akacheka mpaka akashika tumbo. Eti ya ndani ikipungua, ya dirishani itakuwa akiba.

Tuamulie. Ila ukiamua, kumbuka ni nani aliyekubeba miezi tisa.

Mama yako


13 Februari 1986

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na ya mzee umfikishie. Hamjambo? Mimi sijambo, vidole tu ndivyo vimejaa matundu, maana wiki hii tumeshona mapazia arobaini ya ofisi moja, yote ya kijivu. Nikifumba macho naona kijivu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Wakati wa Oktoba mzee hakuwa na nguvu ya kubishana hata na kijiko. Kama leo anakuletea ubishi wa rangi, basi anapona, na mimi ubishi huo naufurahia.

Nikwambie siri ya kazi yetu. Kinachozuia jua si rangi, ni bitana, kile kitambaa cha nyuma. Nikikutilia bitana nzito, hata nyeupe itafanya sebule iwe na kivuli saa tisa. Kwa hiyo upande wa jua nyote mmeshinda. Upande wa rangi, hapa karakanani tuna swali moja la kumuuliza mteja: nani atakayelitazama kuliko wengine? Huyo ndiye huchagua. Sisemi kitu, mama. Nimeuliza tu.

Kuna vipande viwili vizuri vimebaki kutoka kazi ya hoteli, kimoja samawati, kingine damu ya mzee, kana kwamba walisikia ugomvi wenu. Msimamizi ameniruhusu nichukue kimoja, lakini mwisho wa mwezi kabati linasafishwa na kila kilichomo kinaondoka. Kwa hiyo msiniandikie barua ndefu. Mkishaafikiana, andika rangi kwenye kikaratasi umpe dereva wa basi. Analala huku Jumanne na Ijumaa, anarudi kwenu kesho yake. Kikinifikia tu, nakata.

Na nipimie dirisha vizuri. Usipime kwa kamba ya kuanikia nguo kama mwaka ule, ile inavutika, ndiyo maana pazia la chumbani linafagia sakafu.

Mwanao


21 Februari 1986

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Umekula leo? Usinijibu kwamba umekunywa chai, chai si chakula. Sisi tuko salama, tumbo lilimsumbua mzee juzi lakini limetulia.

Vipimo hivi hapa: upana mita mbili na nusu, urefu mita moja na robo tatu. Ni sahihi, maana amevipima fundi mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma nafua, naingia ndani namkuta kasimama juu ya kigoda, futi yake ya chuma mkononi, anapumua kama kakimbizwa. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Akaniambia, "Mama kijana, dirisha halipimwi na mtu aliyelala." Nilimrudisha kitandani, akalala hapo hapo mpaka jioni. Amekuwa mwepesi mno, sikupenda nilivyomwinua bila taabu.

Swali lako hilo limenikera, ujue. Nilikaa nikawaza ni nani atakayelitazama, na jibu nikawa nalo kabla sijataka kuwa nalo. Mimi mchana kutwa niko jikoni na uani. Yeye ndiye analala pale na dirisha lake.

Lakini usimwambie bado. Niache nikatae wiki moja zaidi, heshima yangu ibaki. Nikishasalimu amri nitampa dereva kikaratasi kama ulivyosema.

Mama yako


28 Februari 1986

Mwanangu,

Damu ya mzee inahitajika. Usikawie.

Mama yako


4 Machi 1986

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo! Hamjambo nyote? Mimi mzima kabisa.

Kwa hiyo umeshindwa! Kikaratasi chako nilikipata Ijumaa jioni, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akauliza nimepatwa na nini. Hata salamu hukuniletea, mama! Kumbe kushindwa kunauma hivyo. Pole sana. Usimpe mzee nafasi ya kujisifu zaidi ya siku tatu.

Nilitaka liondoke na basi la Jumamosi, lakini harakaharaka haina baraka. Pindo la chini lilinipinda nikalifumua, nikashona, nikalifumua tena. "Usikawie" yako nimeisikia, hata Jumapili nilikuja karakanani peke yangu kushona. Nimetia bitana ya tabaka mbili. Mikunjo ya juu ni ile tunayowafanyia wateja wakubwa, mzee aihesabu, akikuta hailingani aniandikie. Kesho asubuhi nampa dereva mzigo pamoja na barua hii.

Mwambie mzee asipande kigoda kulitundika. Mwite jirani. Na kila mgeni atakayeingia aambiwe kwamba hilo pazia kalishona kijana wake, asiishie kusifia damu tu.

Mwanao


6 Machi 1986

Mwanangu,

Mzigo wako umefika. Tulikuwa watu wengi pale kituoni, kwa sababu niliwaambia hatuziki mpaka mwanawe ashuke. Basi liliposimama nikatazama mlango. Wakashuka wanawake wawili, na mwanamume mwenye mtoto. Kisha dereva akaja na furushi, akasema ni pazia kutoka kwako, akanikabidhi mikononi.

Baba yako alifariki Jumanne saa nane mchana. Tulimrudisha hospitali Alhamisi, alikuwa anatapika damu. Damu ya kundi lake haikuwepo. Majirani watano walijitolea, wakapimwa wote, hakuna hata mmoja aliyelingana naye.

Nilikuomba damu, mwanangu. Umeniletea pazia.

Tumemzika jana jioni bila wewe.

Mama yako


11 Machi 1986

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako niliipata Ijumaa. Jumamosi nilifika mpaka kwenye basi, nikashika mlango, nikarudi nyuma.

Kikaratasi chako ninacho hapa mezani. Nimekisoma upya nikitafuta mahali pa kujitetea na sikupaona. Tangu nitoke nyumbani hujawahi kuniandikia bila kuniuliza kama nimekula. Hujawahi, hata mara moja. Hilo peke yake lilitosha kuniambia kuna jambo. Mimi nikalifanya kichekesho.

Jumamosi ile basi lilipita mbele ya karakana likipiga honi. Nililisikia. Nilikuwa napiga mluzi huku nikipima kitambaa. Damu aliyoihitaji ilikuwa mwilini mwangu, mama, na mimi nafumua pindo.

Sitaweza kuja. Nitaingiaje mlango ule? Watu watanipa pole, na wewe utanitazama. Bora uendelee kunihesabu kwamba niko kazini. Nisamehe ukiweza, na usipoweza sitakulaumu.

Mwanao


15 Mei 1986

Mwanangu,

Hujambo? Umekula? Unapata usingizi? Mimi nipo, mguu unaniuma kidogo lakini natembea.

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Machi. Mbili za kwanza dereva anaapa alikukabidhi mkononi, akasema ulizipokea ukarudi ndani. Sasa nakuandikia yale ambayo katika hizo mbili nilikuwa nayazunguka.

Ile barua ya baada ya mazishi niliiandika kwa hasira ya kilio. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, nikampata aliye mbali. Siku ile nilikuwa sijafungua furushi. Nilipolifungua nikaikuta barua yako na vicheko vyake, ndipo nikaelewa ulichokuwa umesoma. Nilikaa sakafuni nikalia upya, safari hii nikikulilia wewe.

Sasa nisikilize. Kikaratasi kile nilikiandika kwenye benchi la hospitali. Nilianza kuandika kwamba baba yako yu mahututi. Akaniona, akanishika mkono, akasema, "Usimtishe mtoto. Atasafiri siku nzima analia njiani. Andika kidogo tu, atakuja." Nikakichana. Nikaandika kidogo. Sikuandika hospitali, sikuandika kitanda, sikuandika kwamba anatapika. Niliona kila neno kati ya hayo ni kama kukupiga kofi, kwa hiyo nikayaondoa moja moja, yakabaki yale uliyoyapata. Ule ugomvi wetu wa rangi haukunijia kichwani hata kidogo. Jumamosi usiposhuka, Jumanne asubuhi ningeweza kuandika tena, dereva alikuwepo. Nikasema mwanangu hahitaji kuambiwa mara mbili. Hilo ni langu, na sitaki ulibebe wewe.

Nilimuuliza daktari kama ungefika Jumamosi angepona. Akasema huenda ndiyo, huenda hapana. Sikuongezei wala sikupunguzii, ndivyo alivyosema.

Baba yako hakukununia. Jumanne asubuhi aliniuliza umefika wapi, nikamwambia uko njiani. Akasema, "Basi asiharakishwe, barabara mbovu." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa.

Pazia nimelitundika. Majirani walinishangaa, wakasema mjane na rangi ile. Nikawajibu kwamba ndilo chaguo la mwenye nyumba, amenishinda. Mshono wako ni mzuri. Mikunjo nimeihesabu, inalingana.

Unasema watu watakutazama. Watu wana mambo yao, mwezi wa tatu huu wameshahamia kwa mwingine. Na mimi nikutazame, kwani nina wa kumtazama mwingine? Asubuhi napika uji wa watu wawili, nakumbuka ukishachemka. Jioni naongea, najijibu mwenyewe. Sikuiti uje kuomba msamaha, nimekwisha kukusamehe na mimi nakuomba wako. Nakuita kwa sababu nyumba imebaki na mtu mmoja.

Ukija, sema unakuja. Usipokuja, sema huji, nijue. Niandikie hata mstari mmoja, lakini uwe wazi, mwanangu. Mimi na wewe tumekwisha kuona mambo ya kuandikiana nusu nusu.

Mama yako


20 Mei 1986

Mama,

Shikamoo. Nakuja Jumamosi hii, tarehe ishirini na nne, kwa basi. Sitatuma mzigo. Atakayeshuka ni mimi.

Mwanao