Kumbikumbi wa Barabarani

Chang'ombe, Dodoma

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimeacha kunisumbua tangu mvua ianze. Naomba goti lako liwe limepoa, na Baba awe ameacha kupanda mlima kila siku kama kijana.

Bado nipo kwenye bustani za barabarani. Wengi wamepunguzwa kazi, sisi tumebaki. Uliniuliza majani ya mjini yana nini cha kutunza. Kwenye kipande changu, katikati ya barabara, walikuwepo panzi, nyuki, kerengende, na vipepeo weupe wasiojali honi. Kilikuwepo na kichuguu.

Kikao cha Bunge kilipokaribia, msimamizi wetu alitaka pawe safi. Zamani tungekibomoa kwa sururu. Siku hizi maduka yamejaa dawa za kila namna, akaleta kopo lenye maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Nikaimimina dawa hiyo kichuguuni asubuhi. Mchana mvua ikanyesha, jioni kumbikumbi wakatoka.

Watu walikuja na mabeseni. Nikawaambia nimetia dawa, wakacheka.

"Huyu anawataka wote peke yake," alisema mmoja.

Sikuwalaumu. Kila mwaka wananiona hapo na ndoo yangu.

Nikakimbilia nyumbani. Mama Neema, mwenye nyumba wangu, alikuwa amewahi kuwaokota pale pale na tayari amewakaanga. Harufu ilinijaza mate, sikufichi. Akanisogezea sahani kabla ya wanawe, maana anaujua ulafi wangu.

"Sili," nikasema.

"Wewe? Kumbikumbi?"

"Nimewatia dawa kwa mkono wangu."

Akanitazama sana. Kisha akabeba sahani na karai lote, akaenda kuwamwaga chooni. Akatoka kuwaambia majirani, na yeye wakamsikiliza. Niliogopa, Mama, mpaka asubuhi nilipowaona watoto wa mtaa mzima wakicheza.

Sasa kichuguu kipo kimya. Nyuki na vipepeo siwaoni tena, wamebaki inzi. Msimamizi anasema pamependeza.

Nisalimie Baba, dada yangu wa Mpwapwa akija kukutazama, na shangazi anayedai mjini nimenenepa. Mwambie aje anipime.

Kifurushi chako cha kumbikumbi wakavu kimefika. Nilikifungua uani. Mama Neema akachukua mmoja, akamgeuza geuza kwenye kiganja.

"Hawa wa wapi?"

"Wa kwa mama, Kibakwe."

Ndipo akawaita wanawe.

Mwanao,
Yohana