Kaka Yako na Matairi Yaliyovutwa

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, siyo umesimama jikoni kama kawaida yako. Magoti yanasemaje? Na yule daktari aliyekukataza kupanda ngazi, bado mnavutana au umeshamshinda? Baridi ya huko nasikia mwaka huu haina huruma. Ile sweta ya zambarau ivae, usiihifadhi kwa ajili ya wageni.

Huku tu wazima. Najua hapo umeguna, maana picha umeiona mwenyewe, ingawa ni ya wiki nyingi nyuma: kaka yako kakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko, na uso kaukunja kama aliyelazimishwa kupigwa picha. Uliniuliza kwenye simu amefanya nini, nikakwambia ni habari ndefu, nitaandika. Tangu siku ile sina raha. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Kwenye simu ungesikia nusu, laini ikakatika, na wewe ungefunga mizigo uje. Basi soma yote kwanza, ndipo uamue kuhusu mizigo.

Unamjua Baba kuliko mimi. Mwalimu wa udereva maisha yake yote, mtu asiyepita taa ya njano, aliyenifundisha kuendesha huku akiniwekea kikombe cha maji juu ya dashibodi, kikimwagika narudia somo. Alipostaafu, na Mama naye akatutoka mwaka huohuo, alibaki kama mtu aliyeshushwa njiani. Alikuwa anaamka, anavaa viatu, anafunga kamba vizuri, halafu anakaa. Hana pa kwenda. Mimi nikitoka kazini namkuta palepale, viatu mguuni.

Kilichomtoa ndani ni pancha. Alipeleka gari kwa fundi matairi wa pale kwenye mzunguko, mwanaume mwembamba wanayemwita Sindano, na hakurudi mpaka jioni. Kesho yake akaenda tena, na gari halikuwa na pancha. Kumbe huyo Sindano na wenzake wana kikundi cha watu wanaobadilisha sura za magari. Kila Jumapili wanakutana kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, wanafungua boneti, wanatazamiana injini, wanabishana na kucheka. Baba akawa mtu wao. Wakampa na jina: Mzee Sentimita.

Jina hilo nililielewa siku niliporudi nikakuta lile gari lake jeupe limelala chini, sentimita chache tu kutoka ardhini, kama kuku anayeatamia. Springi zimekatwa, rimu mpya pana zinang'aa mpaka unajiona, na matairi, Shangazi, sijui nikueleze vipi. Unachukua tairi jembamba, unalivika kwenye rimu pana kuliko saizi yake, unalijaza upepo mpaka linashika. Ubavu wa tairi unavutika, unalala kama hema lililokazwa kamba. Wao wanasema ndiyo urembo wenyewe, na kwamba hivyo ndivyo gari linavyoweza kushuka bila tairi kukwaruza bodi. Mimi nililiona tu kama gari lililovaa viatu vya mwenzake.

Mkweo, mume wangu, ndiye aliyewaka. Unakumbuka ni fundi breki kwenye gereji ya mabasi. Kwake yeye tairi si jambo la kutania. Chakula kikawa hakiliki. Anasema tairi la namna hiyo limeshikwa na upepo tu, upepo ukipungua kidogo kwenye kona linaachia, na rimu ikigonga ukingo hakuna mpira wa kuikinga. Baba anamwacha amalize, anafuta mdomo, anasema, "Napima upepo kila asubuhi. Wewe la kwako umepima lini?" Na mkweo alikuwa hajapima. Anatafuna kwa hasira.

Sindano naye si mhuni, usimfikirie hivyo. Alikuja nyumbani mwenyewe, kavua kofia, kakaa ukingoni mwa kochi, akanieleza kwamba kuna kuvuta na kuvuta kupita kiasi. Ya Baba ameyavuta kidogo tu, yeye mwenyewe amezunguka nayo na hayajamfanya kitu. Nilimsikiliza nikatamani kumwamini. Halafu nikamsikiliza mume wangu nikamwamini huyo. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, nikigeuka huku na huku kama feni.

Siku moja nilimuuliza Baba tukiwa wawili, nikamwambia, "Wewe uliyetufundisha woga wote ule, imekuwaje?" Hakukasirika. Akasema, "Nimeendesha magari ya shule ya udereva miaka yote, yana kibandiko cha mwanafunzi mgongoni. Hili ndilo gari la kwanza watu wanageuka kulitazama kwa kupenda. Niachie." Alikuwa amenyoa ndevu vizuri. Alikuwa anaimba bafuni, Shangazi, kaka yako.

Nikamwachia, kwa sharti moja: mwanangu Kasuku asipande gari lile. Unajua tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki, na babu yake ndiye msikilizaji wake mkuu. Baba alitikisa kichwa kukubali, akaenda chumbani, na hakutoka mpaka chai ya jioni. Nilijua nimemuumiza. Lakini sikuliondoa sharti.

Sasa sikia kilichotokea. Ilikuwa siku ya mvua. Mwalimu wa Kasuku alipiga simu kwamba mtoto ana homa kali, aje mtu amchukue. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati, maana kiwandani tunakoshona sare haturuhusiwi kuwa nayo kwenye cherehani. Mkweo alikuwa kazini, chini ya basi, anatengeneza breki. Aliyepokea ni Baba. Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Teksi kwa mvua ile hazionekani. Alichukua funguo, akaenda.

Alimfunga mkanda kiti cha nyuma, akaendesha polepole. Pale barabara inapoinama kabla ya reli, maji yalikuwa yametuama, na chini ya maji kulikuwa na shimo. Tairi la mbele likaingia, likatoka bila rimu. Yaani lilivuka ukingo wa rimu kama kofia inavyovuka kichwani. Usukani ukamponyoka, gari likapanda ukingo wa barabara na kugonga nguzo ya zege. Baba akavunjika kifundo cha mkono. Kasuku akachubuka begani pale mkanda ulipomshika. Basi. Nayaandika haya kwa haraka ili niyapite.

Msimamizi wetu alikuja akanigusa bega, akazima cherehani yangu yeye mwenyewe. Nilikimbilia hospitali nikiwa na sindano za kubania nguo bado kifuani. Baba alikuwa kwenye benchi, kalowa, kiatu kimoja. Kasuku alikuwa kitandani, macho wazi, na hasemi. Muuguzi aliniambia mtoto hana tatizo, ni homa na mshtuko, atapona. Lakini mimi sijawahi kumwona akinyamaza hata akiwa usingizini, na huo ukimya wake ndio ulionitisha kuliko ule mchubuko wa begani.

Tuliporudi nyumbani nilitegemea ubishi utakuwa umekwisha, kila kitu si kimeonekana? Wapi! Sindano alileta ile rimu na lile tairi, akaviweka uani, naye mume wangu akachuchumaa kuvitazama, wakaanza.

"Shimo lile lingepasua hata tairi la lori," akasema Sindano.

"Lingepasua, sawa. Lisingelivua!" akasema mkweo.

"Wewe ulikuwepo?"

"Mtoto wangu alikuwepo!"

Wakapandishiana sauti mpaka majirani wakafungua madirisha. Mmoja anasema mbona watu kibao wanayatumia na hawajaanguka, mwingine anasema ukianguka mara moja inatosha. Baba alikuwa kwenye kile kiti cha plastiki, plasta bado mbichi. Alisema neno moja tu: "Nyamazeni." Lakini hata yeye hakusema nani mkweli, na mpaka leo mimi sina wa kuniapia kwamba tairi la kawaida lingewafikisha salama. Hilo ndilo linaloninyima utulivu. Ningejua kwa hakika, ningekasirika nikamaliza. Kutokujua hakuishi.

Plasta ilipotolewa, gari nalo lilikuwa limerudi kutoka kwa Sindano, limenyooshwa, limepakwa rangi, na limevikwa matairi ya namna ileile. Asubuhi tukiwa mezani Baba akachukua funguo, akamwambia Kasuku, kwa sauti ya mtu anayejikaza, "Twende nikuzungushe kidogo, Kasuku wangu." Mimi nilishafungua mdomo kukataa. Mtoto akaniwahi.

"Hapana, Babu. Mimi nitatembea."

Hakulia, wala hakununa. Alisema kama anavyosema hataki sukari zaidi, akaendelea kula mkate wake. Baba aliziweka funguo mezani polepole sana. Sisi wakubwa tulikuwa tumepigana maneno miezi mizima, na hakuna aliyemsogeza hata inchi. Huyu akamwangusha kwa sentensi moja.

Siku hiyohiyo akaenda kwa Sindano akamwambia ayavue yote. Sindano alimsihi abakize ya nyuma, walau kwa ajili ya sura ya gari. Baba akakataa. Gari likavikwa matairi ya saizi ya rimu zake, yamejaa, yamevimba mashavuni. Ikabidi liinuliwe kidogo, kwa vipande vya mpira juu ya springi, ili yasikwaruze. Mkweo, kwa kuwa hajui kushinda kimyakimya, akamwambia basi na springi arudishe za kiwandani. Baba akamtazama. "Matairi nimekupa. Springi niachie." Wakakubaliana hivyo, kwa kununiana.

Kule uwanjani Jumapili wengine walimcheka, wakasema Mzee Sentimita amekuwa Mzee Mita. Mama mmoja mwenye gari jekundu alimfuata pembeni akamuuliza maswali mengi, na wiki iliyofuata na yeye akabadilisha. Waliobaki hawakubadilisha. Bado wanabishana, na Baba bado anaenda, anakaa katikati yao na kubishana nao. Nashukuru kwamba anaenda. Kila nikisikia gari lolote limefunga breki barabarani, nashuka ngazi mpaka katikati kabla sijajikumbusha kwamba si yeye.

Kasuku aliendelea kutembea, na babu yake akitembea naye, kwenda shule na kurudi. Mdomo ulimrudia taratibu. Siku moja nikiwa dirishani niliwaona wamesimama kando ya gari. Mtoto akaweka kiganja juu ya tairi.

"Babu, hili limenenepa."

"Limenenepa."

"Halitavuka tena?"

Nilishika pazia. Nilitaka aseme halitavuka, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Akasema, "Tairi lolote linaweza kuharibika, siwezi kukudanganya. Ila hili limekaa sawa, nimelikagua mwenyewe." Kasuku akafikiri, akaondoa mkono, wakaenda zao kwa miguu.

Jana ilikuwa Jumamosi, siku tunayotoka kazini mchana. Nilikuwa nakunja sare za mwisho nilipoinua kichwa nikamwona Baba mlangoni mwa ukumbi wa kushonea, kambeba Kasuku begani, mtoto kalegea, mikono inaning'inia. Shangazi, sare zilinitoka mkononi. Sikumbuki nilivyovuka zile cherehani. Nilipofika karibu akaweka kidole mdomoni.

"Kalala," akanong'ona. "Alisema anapanda mpaka kwenye kona tu, ajaribu. Hatukufika hata kwenye kona, akasinzia. Nimezunguka kiwanda chenu mara mbili ili asiamke."

Uso wake sitaweza kuuandika. Nilikaa kiti cha nyuma, mwanangu mapajani, na kaka yako akatuendesha taratibu. Tulipofika pale pa reli alipunguza mwendo, tukapita. Ndipo nikagundua kwamba sijashika mlango kwa woga.

Mpigie simu, lakini usimkemee. Muulize tu habari za gari, utaona atakavyoongea.

Msalimie sana Mjomba na mkongojo wake, mapacha, na jirani yako yule fundi saa aliyenitengenezea mkufu. Mkweo anakusalimu, Baba anasema atasalimia mwenyewe. Kasuku ameniamuru niandike kwamba jino limetoka na jingine linatikisika. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akulainishie magoti, na atukutanishe tukiwa wote tumetimia.

Ni mimi mwanao wa kwa kaka yako, nikupendaye pasipo kupungukiwa,

Binti Mkubwa