Kwa Mama Priscilla, Mgeni Aliyesimama Bila Kuitwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache, na hapa Wembley, London, bado hatujazoea. Asubuhi Baba hunyata kwenye ngazi kana kwamba umetoka zamu ya usiku na umelala. Nikimkumbusha kwamba hakuna wa kuamshwa, ananiambia nipunguze sauti.

Ulitunza wazee wa watu miaka mingi. Uliwaogesha, ukawakata kucha, ukawafundisha kuitikia "Bwana asifiwe", hata wale wasioamini kitu chochote isipokuwa chai. Siku yako ya mapumziko, badala ya kulala kama binadamu wengine, ulitukokota kwenda kuona makanisa ya kale ya mashambani. Treni ya Metropolitan mpaka mwisho wa reli, kisha basi linalokuja likipenda. Mimi nililalamika njia nzima. Ulisema nalalamika kwa sauti nzuri, nijiunge na kwaya.

Ulilolipenda zaidi ni lile la mawe, la miaka mia nane, ambalo mlango wake ni mfupi hata Baba huinama. Ndani amelala shujaa wa kale aliyechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lake, pua imekwisha kwa uzee. Ulimgusa paji la uso kama mgonjwa wako, ukasema huyu amepoa sana, apewe blanketi.

Jumapili ile ya mwisho tuliyokwenda kule, daktari alikuwa ameshakuonya kuhusu moyo wako. Tulikuta wazee wachache, kila mmoja na benchi lake, mbali na mwenzake. Sisi tulikaa roho juu. Nyumbani Vihiga mgeni hatoki kanisani kabla hajasimamishwa atoe salamu, na tulijua kwamba hapa desturi hiyo haipo. Matangazo yakaisha. Kasisi, mama mpole mwenye miwani, hakuita wageni. Ukadhani amesahau, ukaamua kumsaidia. Baba alikushika mkono, dada yangu Tatiana akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, lakini ulikuwa umeshasimama.

Ukatoa salamu za Wembley na za Vihiga huku ukihema. Ukatutambulisha mmoja mmoja. Mimi ukasema huyu ndiye wa kuombewa. Tulikuwa tunasikiliza pumzi zako tu, tukiogopa utaanguka palepale mbele ya watu tusiowajua. Ndipo bibi mmoja wa benchi la nyuma akainuka, akajitambulisha naye. Kisha mwingine, na mwingine. Baadaye kasisi alituambia kwamba wawili kati yao wamesali pale miaka mingi bila kujuana majina.

Mlangoni yule bibi alikuuliza utarudi lini.

"Tutarudi sote, dada," ukamwambia. "Niwekee nafasi karibu na wewe."

Hatukurudi. Moyo wako haukufika hata majira ya baridi. Na kule hakuna anayejua, Mama. Kila mmoja wetu alimwachia mwenzake kazi ya kuwaambia, mwaka ukapita.

Jumapili hii tunakwenda. Yule bibi, kama bado yupo, atatuona tukiingia watatu na ataendelea kutazama mlango. Lazima mtu asimame aseme. Tatiana anasema, kwa Kiingereza chake cha kunijibu, kwamba mwenye mdomo hapa ni mimi. Ni kweli, lakini mdomo wangu umezoea mizaha. Nimejaribu mbele ya kioo. Naanza na kichekesho, halafu sina pa kwenda.

Jana Baba, ambaye tangu uondoke huongea habari za mvua tu, alizima runinga.

"Nitasimama mimi," akasema. "Mke alikuwa wangu."

Akajaribu hapohapo sebuleni, amevaa koti la Jumapili. Salamu za Wembley zikatoka vizuri. Za Vihiga zikatoka. Alipofika kwenye jina lako, akakaa chini.

Basi tumepatana hivi, Mama. Ataanza yeye. Akikwama kwenye jina lako, tutasimama pamoja naye tulitaje sisi.

Unakumbukwa na mumeo Fanuel, wanao Tatiana na Griffins, dada zako wa Vihiga, na kina mama wenzako wa kanisa hapa Wembley. Hatutachoka kukukumbuka.