Ndevu za Babu Rajabu

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na Baba awe ameamka vizuri, kifua kimetulia. Anakula? Usinijibu "anakula kidogo" kama kawaida yako, niambie anakula nini. Na mjukuu wako Salumu je, meno yameanza kuota? Ile sauti uliyonitumia kwenye simu, ananiita "Babu Hamisi" kwa mdomo usio na meno ya mbele, hewa tupu inatoka, nimeisikiliza mpaka Mamie, mke wangu, akaninyang'anya simu. Mwambie alipolitupa jino juu ya bati na kuomba jipya angeomba na utulivu, maana nasikia siku hiyo hiyo alivunja kioo. Sisi huku hatujambo. Vumbi linatukomesha, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, lakini hatujambo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu umenishinda. Kila nikifungua mdomo unanikata: "Tarehe, Hamisi. Nataka tarehe." Ninarekodi maelezo marefu, wewe unasikiliza nusu, kisha unayarusha kwenye kundi la ukoo, na kabla sijamaliza kunywa chai binamu wa Kigoma mjini ananiuliza kwa nini nimemtukana marehemu. Basi. Karatasi hairushwi. Jirani yangu anakuja Kigoma kuona wazazi wake, atakukabidhi mkononi, na wewe utamsomea Baba kwa sauti, bila kuruka mahali. Kwa ajili yake naanza tangu mwanzo, hata kwa yale unayoyajua.

Babu Rajabu, baba yake Baba, na mdogo wake Bibi Zaina walikuwa Kasenga, kwenye mto Luapula, pamoja na mama yao aliyekuwa akikausha samaki. Mama akafariki. Rajabu akaondoka na mchuuzi mmoja wa samaki kuja mjini huku, wakati huo pakiitwa Elisabethville, na samaki wenyewe wakaoza njiani. Zaina akabaki kwa majirani mpaka ndugu walipokwenda kumchukua na kumleta Ujiji. Miaka mingi baadaye Rajabu naye alikuja Ujiji, akaoa, akamzaa Baba, na Zaina hakumsamehe hadi anaingia kaburini. Kinyongo akamwachia bintiye, Shangazi Mwajuma, kizima, hakijapungua hata kijiko kimoja.

Nani katika ukoo hajasikia maneno ya Shangazi? "Rajabu alikuwa mwanamume mzima, ana ndevu, akamtupa dada yake kama ganda." Kwenye harusi zetu wenyewe tunaambiwa tukae karibu na mlango, kwa kuwa sisi ni wepesi wa kuondoka. Watu wanacheka. Nilicheka na mimi nilipokuwa mdogo, sikujua tunachekwa sisi.

Na sasa Baba anaumwa, na Shangazi kasema hatakanyaga matanga yake mpaka Baba apige magoti mbele ya watu na kuomba radhi kwa kosa la baba yake. Baba maisha yake yote amesema Rajabu alikuwa mtoto. Sasa amechoka, hana ushahidi, na amekubali kupiga magoti sikukuu ijayo. Mzee wa umri ule! Nilipolisikia hilo nililia dukani, dada, na utepe wa kupimia nguo shingoni, mbele ya mteja.

Kwa hiyo ukaniambia: Babu aliwahi kufikishwa barazani huko, nenda katafute karatasi, ulete tarehe aliyozaliwa. Unasema "katafute" kama mtu anayetafuta bizari kwenye kabati. Ofisi yenyewe iko mjini, na makaratasi ya zamani ya mabaraza, zile mahakama za wenyeji za wakati wa Wabelgiji, yamefungwa katika chumba cha nyuma. Ufunguo ni mmoja. Mwenye ufunguo ni mkubwa wa ofisi. Mkubwa wa ofisi ni mtu nisiyeamini kama amezaliwa. Karani anaitwa Papa Kalenga, ana miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na nilipofika mara ya kwanza na kumweleza kisa cha Shangazi alinitazama kwa yote miwili.

"Papa, chef njo iko na ufunguo. Na chef haiko. Utarudia lundi."

Nikarudi Jumatatu. Chef haiko. Nikarudi tena. Chef alikuwapo, ufunguo haukuwapo. Yote haya, dada, wiki za kukaribia kufunguliwa kwa shule, mimi fundi cherehani, nguo za wanafunzi zimejaa mezani hadi dirishani, na mama zao wamejipanga mlangoni. Mmoja alinishika mkono: "Papa Hamisi, mutoto yangu ataenda ku masomo na kaputula ya nani? Yako?" Nilimwambia nilikuwa natafuta umri wa babu yangu. Akaniuliza kama babu yangu anaanza shule.

Hata Mamie, mtoto wa watu wa reli, mvumilivu kuliko sisi sote, alichoka. "Hamisi, weye na bandugu yako munapenda sana kesi. Muntu alishaka kufa, na bado muko munamuhesabia miaka." Lakini ndiye aliyenisaidia kusoma, maana makarani wa enzi ile waliandika Kifaransa chenye mikia, na Kifaransa changu kinaishia kwenye vifungo na zipu.

Siku mlango ulipofunguliwa nilitamani ungebaki umefungwa. Mafungu yamefungwa kwa kamba, mengine yameliwa na mchwa, na hakuna mpangilio wowote. Ukitafuta Rajabu unampata Rajabu aliyemng'ata askari, Rajabu aliyeendesha baiskeli bila taa, Rajabu mwenye wake watatu na deni la mahari ya wote. Wa kwetu alijitokeza katika kesi ya kodi. Rajabu wa Kasenga, asili ya Manyema. Nilifurahi mpaka nikampa Papa Kalenga mkono. Furaha yenyewe haikufika mwisho wa ukurasa.

Nakupa maneno ya karatasi yenyewe. Mshtakiwa hakulipa kodi. Anasema hajafikia umri wa kulipa, ana miaka kumi na sita au kumi na saba. Anasema aliingia mji huu mvua kumi zilizopita, pamoja na samaki. Baraza limemtazama. Ana ndevu. Umri: yapata ishirini na tano. Apewe kazi ya kufyeka nyasi.

Ana ndevu! Nilihisi Shangazi Mwajuma amesimama nyuma yangu na mkono kiunoni. Toa zile mvua kumi, yaani miaka kumi, katika ishirini na tano, unabaki na kumi na tano. Kijana wa kumi na tano aliyemwacha mdogo wake mtoni si mtoto, na mbele ya Shangazi hafai kutetewa. Nikamuuliza Papa Kalenga hao waliokuwa wakikaa barazani walijuaje umri wa mtu.

"Balikuwa banaangalia tu, papa. Muntu iko na ndevu, iko mukubwa. Haina ndevu, iko mutoto. Basi."

"Na kama anasema uongo?"

"Kila muntu alikuwa anadanganya, yulu ya kodi, asilipe. Hata tate yangu, baba ya baba yangu."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Ndiyo siku ile uliyonipigia sikupokea, nikakuandikia kwamba simu haina chaji. Ilikuwa na chaji. Sikuwa na la kumwambia Baba, ila apige magoti. Na nikamkasirikia Babu mwenyewe, nisikufiche. Mtu na ndevu zake anakwenda kuwaambia watu ana miaka kumi na sita!

Nilirudi ofisini kwa hasira tu, si kwa matumaini. Nilijiambia kama kulikuwa na samaki waliooza basi kuna mtu alimshtaki mwenzake, kwa kuwa mali ikiharibika watu hawakai kimya. Papa Kalenga alikwisha kunichoka, akaniachia fungu zima na kiti chake, akaenda kununua karanga. Na kesi ikapatikana. Mchuuzi na mshirika wake wanalaumiana ni nani aliyeacha mizigo ikanyeshewa barabarani kutoka Kasenga. Na shahidi, kwa kuwa alilala juu ya mizigo njia nzima, ni Rajabu.

Nilimpigia Mamie picha ya ukurasa, akanisomea kwenye simu polepole, mimi naandika, na nakunakilia hapa. "Shahidi Rajabu, mtoto. Asikilizwa bila kiapo kwa sababu ya udogo wake. Asema samaki walinyeshewa. Aulizwa ni nani aliyewaacha. Jibu halikueleweka. Aambiwa arudie, kwa kuwa hana meno ya mbele. Arudia. Aulizwa ni nani anayemtunza hapa mjini. Asema hajui."

Papa Kalenga akarudi na karanga zake. Nikamsomea. Akatafuna, akasema, "Balimupiga ile meno, pengine. Ku barabara kulikuwaka bantu babaya."

Nikataka kukubali. Kisha nikamkumbuka Babu, dada, na wewe mkumbuke pamoja nami. Si ndiye aliyekuwa akitumenyea miwa kwa meno, uzeeni, wakati Mama anatafuta kisu? Si ndiye aliyepasua mifupa ya mbuzi na kutugawia uboho, huku akijisifu kwamba hajawahi kumwona daktari wa meno? Baba husema alizikwa na meno yake yote. Nikamwambia Papa Kalenga: huyu mtu alikufa ana meno ya mbele, mawili, makubwa, na mwanya katikati.

Papa Kalenga akaacha kutafuna. Akashusha miwani ya kichwani, akaisogeza karatasi karibu.

"Ile ilikuwa meno ya butoto," akasema. "Yalianguka, ingine ikamea. Papa, uyu alikuwa mutoto muloko sana." Akanitazama. "Na uyu njo munamutukanaka?"

Nikachukua karanga.

Basi hesabu ni hii, msomee Baba mara mbili. Meno ya mbele huanguka mtoto akiwa na miaka sita au saba, tuseme hata minane. Ongeza zile mvua kumi mpaka kesi ya kodi: unapata kumi na sita, kumi na saba. Yaani kile kile alichosema mwenyewe barazani! Alisema kweli, wakamtazama kidevu, wakampa nyasi afyeke. Na mimi mjukuu wake sikumwamini vilevile.

Na zile ndevu zisikushangaze. Baba alianza kunyoa akiwa wapi? Darasa la sita. Mimi je? Ukoo wetu huota ndevu kabla ya akili. Bila shaka wachuuzi waliotoka huku kwenda Ujiji walimkuta Rajabu wa miaka kumi na saba na ndevu zake, wakaenda kumwambia Zaina: tumemwona kaka yako, mwanamume mzima. Zaina naye atakumbuka nini cha Kasenga? Kama kaka mtu hana meno, yeye alikuwa bado ananyonya, au ndiyo kwanza ameachishwa. Hakuziona hizo ndevu. Aliambiwa, akazishika, na sisi tukakalishwa karibu na mlango kwa ajili ya ndevu hizo.

Unataka tarehe. Tarehe hakuna, Mwanaidi, wala siku haipo. Kesi ya samaki ni ya miaka ya ishirini, mwishoni, kwa hiyo andika kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo. Na ukiniuliza tena mwezi nitakata simu. Mtoto wa Kiislamu anaitwa Rajabu, wewe unaniuliza mwezi!

Nisalimie Baba kabla ya wote, mwambie asipige magoti kwa mtu yeyote ila kwa Mungu. Msalimie shemeji, mume wako, anayejifanya hasikii ugomvi huu na ndiye mwenye busara kuliko sisi. Msalimie Mama Mdogo, na fundi aliyenifundisha cherehani, mwambie macho yake ya sindano nimeyarithi na sasa yanakwisha. Mamie anakusalimu sana, anasema ukija atakupikia bukari, ugali wa huku, na samaki wa Kasenga, wasiooza.

Na jambo moja la mwisho, nakuomba ulifanye kama lilivyo. Usiende kwa Shangazi Mwajuma na karatasi hii mkononi kama aliyeshinda kesi. Naye ni mzee, na hasira hiyo ndiyo alichoachiwa na mama yake. Nenda na Salumu. Kaeni hapo hapo karibu na mlango, mnywe chai, Salumu acheke kinywa wazi. Kisha mwombe Shangazi amtume Salumu sokoni peke yake akanunue samaki. Atakataa, namjua. Atakufokea, atasema una wazimu, mtoto mdogo hivi, atapotea, nani atamtunza njiani. Mwache amalize. Hapo ndipo umwambie umri wa Babu Rajabu.

Mdogo wako anayekupenda hata ukimchosha,
Hamisi