Karatasi Nyeupe ya Mama Nyaboke

Alhamisi, Julai 1974. Mvua ya mawe imepiga tangu mchana na majani ya chai yamechanika ovyo, lakini si hilo lililonikosesha raha. Nimetoka Kaplong, hospitalini, kumwona Mama Nyaboke. Amekonda. Kikohozi kikimshika, wagonjwa wa vitanda vya jirani hunyamaza.

Mimi ni karani wa daktari anayetafiti vumbi la kiwandani. Mwaka jana nilimfunga Mama Nyaboke pampu ndogo kiunoni, mpira wake wa kuvutia hewa nikaubana kwenye ukosi. Alifanya kazi chumba cha kuchekecha chai kavu, ambako vumbi hukaa hata kwenye kope. Kusudi lilikuwa pampu ivute hewa anayovuta yeye, vumbi libaki kwenye karatasi ya ndani, sisi tulipime. Hayo sikumweleza. Mimi na kalamu zangu mbili mfukoni nilimwambia tu, "Mama, chunga hii, ni mali ya daktari," nikaenda zangu ofisini kunywa chai.

Jioni nilimkuta ameifunika yote kwa leso safi, mpaka mdomo wa mpira. Kwao Kisii, kama kwetu ziwani, kitu cha kuazima hurudishwa kikiwa safi. Karatasi ilikuwa nyeupe pepe.

Nilijua ni leso iliyozuia vumbi.

Ningesema, kipimo kingerudiwa, na daktari angeuliza nilikuwa wapi siku nzima. Niliona haya. Nikaiandika karatasi ile pamoja na nyingine. Orodha ya wa kuhamishiwa kazi za nje ilipotoka, jina lake halikuwamo. Kwa mujibu wa daftari langu, yeye ndiye aliyevuta vumbi kidogo kuliko wote.

Leo amenishika mkono. "Kijana yangu, ile mashini yako nilichunga sana. Haikuingia uchafu hata kidogo, ama?"

"Haikuingia, Mama."

Akafurahi. Akaniambia nyapara amekubali Nyaboke, binti yake, achukue nafasi yake. Chumba kile kile. Anaanza Jumatatu.

Nimelia njia nzima, na sina haya kuandika hivyo.

Kesho asubuhi nitamngoja daktari mlangoni, nimweleze yote. Akinifukuza, sawa. Halafu nitarudi Kaplong, nikae kando ya kitanda, nimwambie Mama Nyaboke kwamba binti yake asiingie chumba kile, na kwa nini. Daktari simwogopi hata nusu ya ninavyomwogopa yeye.