Koki ya Shaba ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili ndiyo siku ambayo baba mkwe wangu huja kuisugua koki yake, na mimi siwezi tena kusimama kando yake nikichekacheka huku najua kwamba koki hiyo ndiyo inayoniulia viumbe.

Nianze mwanzo usije ukanidhania mwehu. Mimi ni mpima macho, kutwa nimo kwenye chumba chenye giza nawauliza watu herufi zinaonekana vizuri hivi au hivi, na tangu utotoni napenda kutazama vitu vidogo, kwa hiyo nilipopata nafasi niliamua kuweka sebuleni tangi kubwa la kioo la maji ya chumvi, urefu wake kama kochi la watu watatu, si la samaki peke yake bali la matumbawe hai, na kama hujawahi kuliona tumbawe hai, mshauri, usicheke, lile tunalolijua kama jiwe jeupe la pambo, likiwa hai na likiwashiwa taa ya buluu, hufungua vidole vyake laini na kuvichezesha majini, na ukiangalia kwa makini utaona vidole hivyo vimezunguka vinywa vidogo.

Sasa tangi kama hilo halitaki maji yaliyotuama, linataka tangi la pili chini yake, pampu ya kuyapandisha maji, mabomba ya kuyateremsha, na hapo ndipo anapoingia baba mkwe, fundi bomba aliyestaafu, mtu ambaye hakuwahi kunipenda, sikufichi, tangu siku ya kwanza aliniita Yule wa Miwani, na mara moja mbele ya wageni alisema binti yake kaolewa na mwanamume asiyejua hata kubadilisha washa, ule mpira mdogo wa bomba, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini liliniuma. Aliposikia habari za tangi alikuja mwenyewe na sanduku la vifaa, akasimama mlangoni akasema, "Nasikia unataka kuleta mafuriko kwenye nyumba ya binti yangu. Hebu nione."

Tukafanya kazi pamoja, yeye akikata mabomba ya plastiki na kuyaunga kwa gundi, mimi nikimshikia tochi, akiita "Elbo!" bila kugeuka na mimi nikimpa kiungo cha kona, mpaka tukafika kwenye bomba linalopandisha maji, nikamkabidhi koki ya plastiki niliyouziwa pamoja na tangi, akaishika kwa vidole viwili kama ameokota mende. "Hii ya kuchezea watoto," akasema. "Koki ni shaba, mwanangu." Mwanangu! Mshauri, kwa neno lile angeniambia tuweke koki ya mkaa ningekubali. Akatoa kwenye sanduku lake koki nzito ya shaba aliyokuwa ameitunza tangu alipostaafu, akaifunga, tukawasha pampu, maji yakapanda, hakuna hata tone lililovuja, tukapeana mikono.

Tangu hapo anakuja kila Jumapili. Anaangalia mabomba yake, anatoa kitambaa mfukoni, anaisugua koki mpaka unaweza kujiona, na mgeni yeyote akiwepo anaitwa chini ya meza ya tangi aoneshwe. Kisha tunachuchumaa mbele ya kioo na lenzi yangu, naye anauliza kuliko mtoto. "Sasa huyu ni mmea au jiwe?" Mnyama, Baba. "Mnyama gani hana miguu?" Miguu hana ila mdomo anao. "Kama shemeji yangu," anasema, tunacheka mpaka mke wangu anatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Halafu kamba wa tangini wakaanza kufa, wale wadogo wenye mistari waliokuwa wakipanda mkononi mwangu, kisha konokono, kisha matumbawe yakajifunga na hayafunguki hata taa ikiwaka vipi. Samaki wawili wako wazima, wanaogelea kama hakuna msiba. Nikapeleka maji kwa yule aliyeniuzia tangi, akapima akaniuliza, "Una shaba wapi?" Akanieleza kwamba chumvi huila shaba, shaba ikaingia majini kidogo kidogo, na kiasi ambacho samaki hakijali ni sumu kwa kamba na matumbawe. Nikarudi nyumbani nikatazama koki, kwenye maungio kulikuwa na kutu ya kijani inayochungulia.

Mke wangu anasema nisithubutu, "Baba aliishi kwa koki zile, leo umwambie zinaua? Ndiyo kwanza mmeanza kucheka pamoja." Mimi nilifikiria kununua koki ya plastiki niipake rangi ya dhahabu, nibadilishe kimyakimya, lakini kwa anavyoisugua rangi haitamaliza wiki. Jumapili iliyopita nilikaa roho mkononi, bahati nzuri hata hakuuliza habari za kamba, aliingia, akasugua koki muda mrefu kuliko siku zote, chai akainywa nusu, akaondoka mapema. Namshukuru Mungu hakugundua kitu, ila matumbawe yaliyobaki hayatanisubiri, na baba mkwe nikimpoteza sasa sidhani kama nitampata tena. Nifanyeje?

Wa Miwani

MSHAURI ANAJIBU

Wa Miwani, umenisumbua. Nilikuwa na barua za ndoa za kujibu, badala yake nimekwenda kumtafuta mtu anayefuga matumbawe ili nione hivyo vidole vyenye vinywa. Nimeviona. Nilikwenda kwa dakika chache, nikapitiwa na mchana mzima nikiuliza maswali, kwa hiyo baba mkwe wako nimemwelewa kabla sijakuelewa wewe.

Pole kwa kamba wako. Na pole kwa lile neno "mwanangu", maana najua lilivyokulevya. Mtu aliyekaa na njaa ya neno moja miaka yote hiyo hawezi kulitema kwa sababu ya konokono. Lakini sasa nikuseme kidogo. Koki ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu! Mtu mzima, mwenye mke na miwani, unataka kumpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, tena fundi aliyeshika koki maisha yake yote? Angeigusa tu angejua. Na hapo usingekuwa umeficha kosa la koki, ungekuwa umemfanya mjinga ndani ya nyumba ya binti yake. Hilo lisingesameheka, na mimi ningekuwa upande wake.

Mkeo naye mwambie nimemsikia, anamlinda baba yake, ni haki yake. Ila mficha uchi hazai. Heshima gani hii ya kumwacha mzee asugue kila wiki kitu kinachoharibu kazi ya mikono yake? Mabomba yote yale aliyaunga vizuri, hakuna tone lililovuja, umesema mwenyewe. Kosa ni koki moja, na hata hilo si uzembe. Kwenye maji ya bomba la kawaida shaba ni mfalme. Alichokosea ni kuleta ujuzi wa maji matamu kwenye maji ya chumvi, na wewe mwenye tangi hukumwambia kwa sababu hukujua. Mmekosea wote wawili.

Sasa ngoja nikuulize, wewe unayepima macho ya watu. Umeniandikia kwamba mzee huuliza kuliko mtoto, halafu Jumapili iliyopita hakuuliza chochote. Umeniandikia kwamba alisugua muda mrefu kuliko siku zote, chai akaiacha nusu, akaondoka mapema. Ukamshukuru Mungu kwamba hakugundua! Ndugu yangu, kijani kile kilikuwa kinachungulia, na aliyekuwa na kitambaa ni nani? Fundi bomba akikuta kijani kwenye koki haulizi ni nini, anajua maji yameanza kuila. Kamba waliokuwa wanapanda mkononi mwako hawaonekani, na mzee ana macho. Mimi sikuwepo, naweza kukosea, lakini nadhani alikuwa anasugua ili wewe usione.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Nenda kwake, wewe peke yako, usimtume mkeo wala usibebe wageni. Usiende na hukumu. Mwambie, "Baba, kamba wamekufa, maji yamepimwa yana shaba, na mimi sijui kufungua koki. Njoo tuifungue tuione ndani." Kisha nyamaza. Aje aifungue kwa mikono yake, atazame ndani kwa macho yake, na neno la kwanza liwe lake. Akiguna, usiongeze.

Koki ya plastiki aichague na kuifunga yeye. Maji myabadilishe kidogo kidogo, na kwa yule aliyekuuzia mwombe mkaa wa kuchujia unaonasa shaba. Usirudishe hata kamba mmoja mpaka kipimo kiseme maji ni safi. Ile koki ya shaba usiitupe, usiifungie kabatini. Kama nyumba yenu ina bomba la nje, ifungeni hapo, yapite maji matamu, iendelee kung'aa na kuoneshwa wageni bila kumdhuru mtu.

Unaogopa kwamba ukisema ukweli hatakuja tena. Mimi nadhani mzee naye amekaa kwake na hofu ileile, kwamba wewe ukijua, hutamwita tena mbele ya kioo, na atarudi kuwa mzee anayesalimiwa mlangoni. Mmoja wenu lazima aanze, na wewe ndiye mdogo. Ukimaliza kusema yote, usisahau kumuuliza anakuja saa ngapi Jumapili, na ubebe ile lenzi yako, uiache kwake, ili Jumapili yeye ndiye aje nayo.